Ukurasa wa Familia: Binti Anapotaka Kuwa Kocha wa Nguvu



Wiki hii tumeiweka kando mada tuliyoiahidi, kwa sababu ya barua iliyotufikia kutoka kwa mama mmoja wa hapa Mombasa. Ametuomba tusimtaje jina wala mtaa wake, nasi tumelihifadhi ombi hilo.

Mama huyu anaeleza kwamba binti yake amemaliza shahada ya sayansi ya mazoezi huko Nairobi, na amerudi nyumbani na neno moja tu: anataka kuwa kocha wa nguvu na utimamu wa mwili, tena kocha mwenye cheti kinachotambulika. Mtihani anaoutaka hutolewa na chama kimoja cha Marekani, na gharama zake, ukijumlisha na vitabu, ni mamia ya dola. Fedha hizo hazipo. Kilichopo ni bangili mbili za dhahabu ambazo mama aliachiwa na marehemu mama yake. Mama yu tayari kuziuza. Baba amekataa. Kauli yake, kama tulivyoandikiwa, ni kwamba hakumsomesha binti yake ili aje kuwa mpagazi wa vyuma. Sasa nyumba imegawanyika, na binti hasemi na mtu. Mama anatuuliza: hiyo ni kazi kweli au ni mchezo? Na nikiziuza bangili za mama yangu, nitakuwa nimenunua nini?

Swali hili la pili ndilo lililotufanya tukae pamoja na kulifikiria kwa siku kadhaa. Tuseme mapema kwamba masuala ya hukumu ya sheria yana wenyewe, na masheikh wetu wapo, waulizwe. Sisi tutaizungumzia kazi yenyewe: ni ipi, njia yake ni ipi, na jamii yetu inaihitaji kwa kiasi gani.

Ni kazi gani hii?

Wengi wetu tunapomsikia kocha humfikiria mtu mwenye filimbi shingoni, anayepanga nani acheze mbele na nani acheze nyuma. Kocha wa nguvu si huyo. Kazi yake ni kuuandaa mwili wenyewe kabla haujaingia uwanjani: uwe na nguvu, kasi, pumzi na uthabiti wa viungo, ili mchezaji acheze vizuri na asiumie. Wala si tabibu wa viungo, ambaye humpokea mtu akiwa tayari ameumia. Yeye hufanya kazi kabla ya maumivu, na baada ya tabibu kumruhusu mgonjwa arudi mazoezini.

Kazi hii si kongwe sana. Mwishoni mwa miaka ya 1960, makocha wengi wa Marekani waliamini kwamba kunyanyua vyuma humfanya mchezaji awe mzito na mgumu wa mwendo. Katika Chuo Kikuu cha Nebraska alikuwepo kijana aitwaye Boyd Epley, mwanariadha wa kuruka kwa upondo, aliyeumia mgongo na akawa anajiuguza kwa kunyanyua vyuma. Wachezaji wa kandanda ya Kimarekani waliokuwa nao wakijiuguza wakaanza kumfuata, na walimu wao wakaona kwamba wanarudi uwanjani wakiwa na nguvu kuliko walivyoondoka. Mwaka wa 1969 kocha mkuu, Bob Devaney, akamwajiri kwa ujira wa dola 2 kwa saa, na akampa onyo: mchezaji yeyote akipungua kasi, basi na kazi yako imekwisha. Hakuna aliyepungua kasi. Nebraska ilitwaa ubingwa wa taifa mwaka wa 1970 na tena mwaka wa 1971, na vyuo vingine vikaanza kutafuta watu wa aina hiyo.

Mwaka wa 1978 Epley akawakusanya wenzake wakaanzisha chama, ambacho leo hujulikana kwa herufi NSCA. Mwaka wa 1985 chama hicho kikatoa kwa mara ya kwanza mtihani wa cheti kiitwacho CSCS, yaani cheti cha mtaalamu wa nguvu na utimamu wa mwili. Huo ndio mtihani anaoutaka binti wa mama yetu. Kwa hiyo jibu la swali la kwanza ni hili: ndiyo, ni kazi, ina elimu yake, ina mizani yake, na ina watu wanaoishi kwayo.

Kisa cha mmoja wetu

Mtu anaweza kusema: hayo ni ya Marekani, na hapa kwetu mwenye kifua kipana na sauti kubwa anatosha kuwa mwalimu. Basi na tusimulie yaliyotufika sisi wenyewe.

Miaka michache iliyopita, mmoja wetu tunaoandika ukurasa huu alijiunga na darasa la mazoezi la akina mama. Alikuwa hajafanya mazoezi tangu alipozaa mtoto wake wa tatu. Mwalimu hakumuuliza umri, hakumuuliza kuhusu uzazi, hakumuuliza kama ana presha au sukari. Siku ya kwanza darasa zima liliamriwa kuchuchumaa na kuinuka, seti baada ya seti, mpaka hesabu ikapita mia kadhaa. Aliyetaka kupumzika alichekwa. Siku ya pili mwenzetu hakuweza kushuka ngazi. Siku ya tatu mapaja yalikuwa yamevimba na mkojo wake ulikuwa na rangi ya chai ya mkandaa. Alipofikishwa hospitali alilazwa siku nne akitiwa maji mishipani, kwa sababu misuli iliyoelemewa kupita kiasi huvunjika na kumwaga ndani ya damu vitu vinavyoweza kuziharibu figo. Alhamdulillahi alipona. Lakini daktari alimwambia kwamba angechelewa zaidi, habari ingekuwa nyingine.

Tunakisimulia kisa hiki kwa ajili ya funzo, na pia kama tahadhari. Dada yetu, ukiona baada ya mazoezi maumivu yasiyo ya kawaida, uvimbe, udhaifu wa misuli na mkojo mweusi, usingoje kesho. Nenda hospitali.

Yule mwalimu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na bidii, na alitaka wanafunzi wake wapate faida. Alichokikosa ni elimu, na zaidi ya elimu, alikosa mtu wa kumuuliza: kwa nini umefanya hivi? Hakuna aliyempima kabla hajasimama mbele ya miili ya watu, na hakuna aliyemwajibisha baadaye. Mwili wa mtu ni amana. Anayeupokea mwili wa mwenzake na kuuambia uiname, ubebe, uruke, ameipokea amana hiyo, ajue asijue.

Nani anayemhitaji?

Wanamhitaji mabinti zetu wanaocheza. Shule zetu nyingi sasa zina timu za wasichana za mpira wa kikapu, wavu, mikono na kandanda. Katika michezo yenye kuruka na kugeuka ghafla, wasichana hukatika mshipa wa ndani ya goti mara nyingi zaidi kuliko wavulana wanaocheza mchezo uleule. Sababu zake ni nyingi, lakini mojawapo inarekebishika: namna wanavyotua baada ya kuruka, magoti yakiingia ndani na mapaja yakiwa hayana nguvu za kutosha. Mazoezi ya kuimarisha misuli na kujifunza kutua, yakifanywa kwa mpango na bila kukatizwa, hupunguza maumivu hayo. Dakika chache kabla ya kila mazoezi zinaweza kumwepusha binti na upasuaji na miezi mingi ya kukaa nje ya uwanja. Lakini lazima awepo anayejua kutazama.

Wanamhitaji mama zetu pia. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka wa 2020, linapendekeza kwamba mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki, na juu ya hayo afanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2 katika wiki. Waliotimiza miaka 65 na zaidi wanashauriwa kufanya mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara siku 3 au zaidi, ili wasianguke. Wengi wetu tukitembea jioni kando ya bahari hudhani tumemaliza. Kutembea ni kheri, lakini hakutoshi. Mwanamke anapokoma hedhi mifupa yake huanza kupoteza uzito kwa kasi, na misuli inayobebeshwa mzigo kwa kipimo ni mojawapo ya mambo yanayouchelewesha upotevu huo.

Tazameni misikitini na majumbani. Wako mama zetu wanaosali juu ya kiti kwa sababu ya maradhi, na Allah awape shifaa. Lakini wako pia wanaosali juu ya kiti kwa sababu tu mapaja yamekosa nguvu ya kuwainua kutoka kwenye sijda. Bibi zetu walitwanga kwenye kinu, wakachota maji kisimani, wakakaa chini na kuinuka mara nyingi kwa siku. Sisi tumepata mfereji na mashine ya kusaga, na ni neema, ila neema hiyo imetuondolea kazi iliyokuwa ikiulinda mwili bila ya sisi kujua. Kocha mwenye elimu anaweza kumwanzisha mama wa miaka sitini kwa kuinuka kutoka kwenye kiti kirefu, kisha kiti kifupi, kisha mkeka, wiki kwa wiki. Haba na haba hujaza kibaba, na hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya elimu hii: mzigo huongezwa kidogo kidogo, na mwili hupewa muda wa kuuzoea.

Na mama huyu hatakwenda kwa kocha mwanamume amshike mgongo na kumwonyesha namna ya kuinama. Atabaki nyumbani. Kwa hiyo tukisema kazi hii si ya wanawake, tumesema pia kwamba nusu ya jamii isiwe na mwalimu.

Njia ya kukifikia cheti

Sasa tumweleze mama yetu kile anachoombwa akinunue, ili aone kwamba si karatasi ya kuchapisha mwishoni mwa juma.

Kwanza, mwenye kutaka cheti cha CSCS lazima awe na shahada ya chuo kikuu, au awe katika mwaka wake wa mwisho. Binti huyu tayari anayo. Chama kimekwisha kutangaza kwamba kuelekea mwaka wa 2030 sharti hili litabanwa, shahada iwe ya programu iliyoidhinishwa katika fani hiyo yenyewe. Kwa hivyo mwenye nia asilale, na asome masharti ya mwaka wake kabla ya kulipa chochote.

Pili, lazima awe na cheti cha kuokoa maisha: kuufufua moyo uliosimama kwa kukandamiza kifua, na kutumia kifaa cha umeme cha kuuamsha moyo. Mafunzo hayo lazima yawe ya vitendo, si ya kusoma tu. Hapa kwetu Shirika la Msalaba Mwekundu na St John Ambulance huendesha mafunzo ya huduma ya kwanza. Hata binti asiyekuwa na haja ya ukocha angefaidika nayo, na nyumba yake pia.

Tatu, mtihani wenyewe. Una sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni ya misingi ya sayansi: maumbile ya mwili na kazi zake, namna viungo vinavyosogea, saikolojia ya mchezaji, na lishe. Ina maswali 95, na muda wake ni saa moja na nusu. Sehemu ya pili ni ya utendaji: ufundi wa kila zoezi, kupanga ratiba ya mafunzo, kupima na kutathmini wachezaji, na kuendesha ukumbi kwa usalama. Ina maswali 125 kwa muda wa saa mbili na nusu, na baadhi yake huja na video na picha, mtahiniwa aseme kosa liko wapi. Jumla ni maswali 220 katika saa nne. Sharti kufaulu sehemu zote mbili. Aliyeanguka moja huirudia hiyo moja, naye hulipa tena.

Nne, cheti chenyewe si cha milele. Kila baada ya miaka 3 mwenye nacho lazima athibitishe kwamba ameendelea kujifunza, la sivyo humtoka.

Kwa binti ambaye hakufika chuo kikuu, mlango haujafungwa. Chama hichohicho kina cheti cha mkufunzi binafsi, kwa aliyetimiza miaka 18, aliyemaliza shule ya sekondari, na mwenye cheti cha kuokoa maisha. Hicho kimekusudiwa wanaofundisha watu wa kawaida, ilhali CSCS kimekusudiwa wanaofundisha wanamichezo. Anayetaka kuwahudumia akina mama wa mtaani peke yao huenda cha mkufunzi binafsi kikamtosha. Mama yetu amuulize binti yake swali hili kabla ya bangili kutoka nje ya sanduku: unataka kumfundisha nani?

Kisichomo ndani ya cheti

Tusidanganyane. Cheti kinathibitisha kwamba mtu amesoma na amepimwa. Hakithibitishi kwamba ana jicho, wala subira, wala ulimi mwema. Hayo hupatikana kwa kusimama pembeni ya kocha mzoefu na kumtazama, kisha kufundisha mbele yake na kukosolewa.

Kocha mwema humjua mwanafunzi wake kabla ya kumwamuru. Huuliza maradhi, dawa, uzazi na maumivu ya zamani. Aliyejifungua karibuni, au mwenye presha isiyotulia, humrudisha kwa daktari kwanza. Hasemi maneno ya daktari, haandiki dawa, hatibu kwa chakula. Anajua mpaka wa elimu yake, na kuujua mpaka huo ni sehemu ya elimu.

Kocha mwema huandika. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na nguvu ni mali. Katika daftari lake mna tarehe, zoezi, uzito, idadi ya marudio, na namna mwanafunzi alivyojisikia. Bila ya daftari hajui kama amepandisha mzigo au amebahatisha.

Na kocha wa hapa kwetu ana mambo ambayo kitabu cha Marekani hakimwelezi kwa kirefu. Ana joto la Kaskazi na unyevu wa pwani. Mwili huhitaji siku 10 hadi 14 hivi kulizoea joto, kwa hiyo mzigo wa wiki ya kwanza hauwezi kuwa wa wiki ya tatu, na maji hayanyimwi kama adhabu. Mchezaji akizidiwa na joto mpaka akachanganyikiwa, hupozwa kwa maji baridi papo hapo huku gari likiitwa, hasubiri kupozwa hospitalini. Ana Ramadhani pia. Mazoezi mazito huhamishiwa usiku baada ya futari na maji, na yale mepesi ndiyo yanayoweza kuwekwa karibu na magharibi. Binti aliyelelewa katika nyumba inayofunga hahitaji kufundishwa hali hiyo. Akiongeza elimu ya cheti juu yake, huyo ndiye kocha tunayemkosa.

Kwa baba yake

Mzee wetu, tunazungumza nawe kwa heshima, kwa sababu khofu yako tunaielewa. Umechelea mambo matatu, nasi tutayagusa yote.

Umechelea kwamba ataota misuli afanane na mwanamume. Mwili wa mwanamke una kiasi kidogo sana cha testosteroni, homoni ambayo kwa wanaume hukuza misuli. Mwanamke anaponyanyua vyuma hupata nguvu na mifupa imara. Miili mikubwa unayoiona katika picha za mashindano huhitaji miaka mingi ya kusudi maalumu, na baadhi yake huhitaji dawa ambazo kocha mwaminifu huzikataza.

Umechelea stara. Hapo nyuma jambo hili lilikuwa kikwazo cha kweli. Kulsoom Abdullah, mwanamke wa asili ya Pakistani aliyelelewa Marekani na mwenye shahada ya uzamivu ya uhandisi, alizuiwa kushindana katika kunyanyua uzani kwa sababu ya mavazi yake. Hakuivua hijabu na hakuuacha mchezo. Aliandika hoja yake kwa adabu na ushahidi, na mwaka wa 2011 shirikisho la kimataifa la mchezo huo likabadilisha kanuni, likaruhusu vazi la kufunika mikono na miguu. Akashiriki mashindano ya dunia mjini Paris akiiwakilisha Pakistani. Miaka 5 baadaye, mjini Rio de Janeiro, Sara Ahmed wa Misri alisimama jukwaani na medali ya shaba ya Olimpiki shingoni, na kichwa chake kimefunikwa. Binti yako hakuomba hata kushindana. Ameomba kuwafundisha wanawake wenzake, na katika ukumbi wao wenyewe ataweka mlango uliofungwa na simu za picha zilizoachwa nje. Ukichelea stara, basi kocha mwanamke ni mlinzi wake.

Umechelea riziki, na hapa una haki. Kazi hii haina ahadi ya mshahara. Shule zinazoajiri kocha wa nguvu ni chache, na klabu nyingi hazina fungu hilo. Mwanzoni huenda akajikuta na wanafunzi watano, wawili kati yao wakichelewa kulipa. Anayemwambia kwamba cheti hicho kitamletea utajiri, amemdanganya. Lakini kumbuka pia kwamba shahada anayo tayari, na shahada isiyotumika nayo haina mshahara.

Kuhusu bangili

Mama yetu, umetuuliza utakuwa umenunua nini. Ukiziuza leo, utakuwa umenunua mtihani. Ni kitu kidogo mno kwa bangili za marehemu. Kwa hiyo shauri letu ni kwamba usiziuze leo.

Binti na aanze na yale yasiyo na gharama kubwa. Apate cheti cha kuokoa maisha. Kisha ajitolee kwa miezi 6 katika timu ya wasichana ya shule iliyo karibu, pamoja na akina mama watano wa familia, shangazi na majirani, kwa ruhusa ya wenyewe na, kwa wenye maradhi, kwa ruhusa ya daktari. Aandike daftari kwa kila mmoja. Aazime kitabu cha mtihani au akinunue kwa ushirika na mwenzake, na akisome kila siku. Baada ya miezi hiyo, baba alisome daftari. Hatumwombi ashangilie. Tunamwomba asome, aone majina ya watu wa nyumba yake mwenyewe, na aone mama mkwe ambaye mwezi wa kwanza aliinuka kwenye kiti mara tatu, na mwezi wa sita ameinuka mara ngapi.

Ikiwa binti atakuwa amechoka njiani, bangili zitakuwa sandukuni na hakuna aliyepoteza. Ikiwa atakuwa bado amesimama, basi uza moja, na iwe ni mkopo baina ya mama na mwana, ulioandikwa na kushuhudiwa kama deni linavyopaswa kuandikwa, alipe kadiri Allah atakavyomjaalia. Hapo utakuwa umenunua jambo jingine: haki ya watu kumuuliza binti yako kwa nini amefanya alichofanya, na uwezo wake wa kujibu. Hicho ndicho ambacho mwalimu wa yule mwenzetu hakuwa nacho. Bangili ya pili ibaki ilipo.

Kwa wasomaji wote

Kabla hujamkabidhi mtu mwili wako au wa mwanao, muulize mambo manne. Umesoma wapi na nani aliyekupima? Mtu akianguka hapa ghafla, utafanya nini? Utaandika wapi maendeleo yangu? Na ni mambo gani ambayo hutayafanya, bali utanipeleka kwa daktari? Mwenye elimu hatakasirika. Atafurahi kwamba umeuliza.

Na wewe binti, ambaye tunajua mama yako atakusomea ukurasa huu: toka chumbani, umpelekee baba yako chai, ukae naye. Usianze na mtihani. Mwambie ungependa kumfundisha bibi yako ainuke kutoka kwenye mkeka bila ya kushikwa mkono. Kisha mngoje aseme.

Tunamwomba Allah aiunganishe nyumba hii, aijaalie kheri katika watakaloliamua, na awape afya mama zetu wote. Wiki ijayo, Insha Allah, tutairudia mada tuliyoiahidi.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.